Jina la Mwanne

Hafidha alikuwa anampimia mteja kitenge wageni walipoingia dukani. Duka lenyewe lilikuwa dogo, kwenye safu ya maduka ya nguo sokoni Ruangwa, na siku ile lilijaa wanawake wa vijijini waliokuja kununua sare za harusi. Wageni wake walikuwa wazee wawili. Mmoja alikuwa Mzee Hassani, msemaji wa ukoo wa marehemu mama yake kule Mtua, upande wa Nachingwea. Wa pili alikuwa Bibi Domitila, ambaye tangu zamani alihudumu katika nyumba ya ukoo huo. Hafidha alipokuwa mtoto, Domitila ndiye aliyekuwa akimchomea mahindi kila alipokwenda kusalimia.

Safari hii Domitila hakumkumbatia. Alipiga magoti sakafuni, mbele ya wateja wote, akainamisha kichwa.

"Bibi, inuka! Watu wanatazama," Hafidha alisema huku akimshika bega.

Domitila hakuinuka. Mzee Hassani ndiye aliyesema. "Pwiyamwene amelala. Mama yako mkubwa Mwanne ametutoka."

Wateja wa Hafidha, wengi wao Wamwera, hawakulielewa neno hilo, lakini yeye alilielewa. Wamakua wa ukoo wa mama yake wana mwene, mtawala wao wa jadi. Serikali haimhesabu, wala hana askari, lakini kwao hakuna jando litakalofunguliwa wala shamba la urithi litakalogawanywa kabla hajasema. Pembeni ya mwene hukaa mwanamke wa damu yake, dada au mpwa, naye ndiye pwiyamwene. Si mke wake. Yeye humwonjea chakula, huwamwagia unga mizimu wa ukoo, na siku mwene akifa yeye ndiye humtaja mrithi. Pwiyamwene akikataza jambo, hata mwene hunyamaza.

"Sasa atakaa nani?" Hafidha aliuliza, ingawa moyo ulikuwa umeshaanza kumwambia.

"Damu hiyo hupita kwa akina mama, na imebaki kwa watu wawili," alisema Mzee Hassani. "Wewe na binti yako."

Raudha alikuwa kidato cha tatu. Asubuhi ile ile alikuwa ameondoka nyumbani akilalamika kwamba sketi ya shule imembana. Hafidha alikikunja kile kitenge taratibu, akakiweka juu ya kaunta.

"Nitakuja mimi," alisema.

Jioni mumewe Bakary alilichukulia jambo lile kwa wepesi. "Hiyo si heshima tu? Utakwenda kwenye sherehe zao, watakuvisha shanga, utarudi."

"Domitila alinipigia magoti, Bakary. Na muda wote hakuniangalia usoni."

Kule Mtua nyumba ya mwene ilikuwa ya matofali na bati, na nyuma yake kilikuwepo kijumba cha udongo kilichoezekwa kwa nyasi. Hicho ndicho kilichokuwa cha pwiyamwene. Hafidha aliingizwa humo, akanyolewa nywele, akapakwa unga wa mtama kuanzia utosini, akaambiwa asitamke neno mpaka siku ya kutolewa nje. Domitila alikaa naye, akimlisha na kumwogesha kama mzazi.

Mchana wa kwanza, jua likiwa kali na ua mzima umelala kimya, Hafidha alisikia mtu chumba cha ndani. Mtu huyo alikuwa anakunja mikeka. Alikunja mmoja, akaupiga piga kutoa vumbi, akakohoa kikohozi kidogo cha mwanamke mzee, akaanza kukunja mwingine. Hafidha alimtazama Domitila, akauonyesha mlango wa ndani kwa kidole.

Domitila hakugeuza kichwa. "Anapanga vitu vyake," alisema. "Mwache amalize."

Siku ya kutolewa, ukoo wote ulikusanyika uani. Mwene Harithi alikaa kwenye kiti chake cha kuchonga. Alikuwa mjomba wake Hafidha, kaka wa mama yake, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe, ambaye zamani alikuwa akimpakia kwenye baiskeli na kumpeleka kuogelea mtoni. Sasa alimtazama kama hajapata kumwona.

"Nani huyu?" aliuliza kwa sauti.

"Mwanne!" watu waliitikia kwa pamoja.

"Mwanne yupi?"

"Mwanne yule yule!"

"Basi amekufa nani?"

"Hajafa mtu!"

Ngoma zikapigwa. Vigelegele vikapanda. Hafidha alisimama katikati yao na unga ukimdondoka mabegani, na ingawa jua lilikuwa la kuchoma, aliona baridi.

Mwanzoni, kusema kweli, maisha yale hayakuwa mabaya. Kila asubuhi wanawake walimletea maji ya kunawa. Waliopita mbele yake walivua viatu. Alikaa mkekani mkono wa kulia wa mwene, akaonja ugali wake na mboga yake, akasikiliza mashauri ya ndoa na ya mirathi, na aliposema jambo watu wazima walitikisa vichwa kukubali. Mtu aliyezoea kubishana na wateja juu ya bei ya khanga angewezaje kutofurahi? Mwene alimwita "dada", naye aliona hiyo ni desturi tu.

Lakini siku moja, akiwa anazungumza na Domitila, mkono wake wenyewe ulipanda juu kwenye pao la dari, ukapapasa nyuma ya nguzo, ukashuka na kikopo cha ugoro. Hafidha hakuwahi kunusa ugoro maishani. Hakujua kwamba kikopo kipo pale. Domitila alikitazama, kisha akaendelea kuchambua mchicha.

Halafu ikaja kesi ya Shaban. Shaban alikuwa mzee mwenye mvi tupu, akigombania mpaka na majirani zake. Kila upande ulidai safu moja ya mikorosho ni yake, na maneno yalikuwa yamefika mahali pa kushikana mashati. Hafidha alisikiliza, asijue la kusema. Alikulia Ruangwa kwa baba yake Mmwera, na Kimakua alikuwa akikielewa kwa kuokoteza tu. Akafungua kinywa ili aombe muda wa kufikiri. Kilichotoka kilikuwa Kimakua kizito cha wazee.

"Chimbeni chini ya mkorosho uliopinda," alisema. "Mtakuta jiwe la kusagia. Nililizika mwenyewe mwaka wa njaa, baba zenu wakiwa wamesimama hapo. Wewe Shaban ulikuwa mgongoni kwa mama yako, unalia, nikakupa muhogo."

Wakaenda wakachimba. Jembe liligonga jiwe. Walipolitoa, lilikuwa jiwe la kusagia, limelika katikati kwa matumizi. Shaban alikaa chini palepale kwenye udongo akalia kama mtoto, na watu wakasema sasa nyumba ya mwene imetimia. Hafidha alirudi kijumbani, akakaa akiitazama mikono yake.

Shule zilipofungwa, Bakary alimleta Raudha kwa pikipiki kumsalimia mama yake. Walimkuta amekaa mkekani nje ya kijumba. Aliwaona wakivuka ua, mwanaume mmoja mnene amebeba mfuko wa mikate, na msichana mrefu nyuma yake. Akawatabasamia.

"Karibuni sana," alisema. "Ninyi ni wa ukoo gani?"

Raudha alicheka. "Mama na mambo yako!"

"Sogea nikuone," alisema yule mama. Alimshika Raudha kidevu, akamgeuza uso huku na huku. "Umefanana sana na Hafidha wetu, yule aliyeolewa Ruangwa. Mama yako hajambo?"

Kicheko kilimkauka Raudha mdomoni. Bakary aliuachia mfuko, mikate ikaanguka mchangani.

"Mama," Raudha alisema. "Mama, ni mimi. Raudha. Raudha wako."

Ikawa kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Hafidha alipepesa macho, akavuta pumzi ndefu, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu mpaka msichana akaguna. Alilia, akawaomba radhi, akasema ni uchovu. Wakala pamoja, wakaongea habari za duka na za majirani, na kidogo kidogo kila mtu akaanza kupumua.

Wakati wa kuaga Bakary alimshika mkono. "Basi pumzika, Mwanne," alisema. "Tutakuja tena."

Raudha alisimama. "Baba, umemwitaje mama?"

"Si nimemwita jina lake," Bakary alijibu, akiwashangaa wote wawili. Akapanda pikipiki.

Raudha alikataa kupanda. Alisema atabaki na mama yake mpaka shule zifunguliwe, na baba yake, ambaye bado hakuelewa kosa lake, aliondoka peke yake. Kuanzia hapo kila asubuhi Raudha alikaa mbele ya mama yake kabla ya watu kuja, akamuuliza, "Wewe ni nani?" Na kila asubuhi Hafidha alijibu, "Mimi ni Hafidha, mama yako." Zipo asubuhi alizojibu upesi. Zipo nyingine ambazo alikaa akimtazama msichana kwa muda, akitafuta, na Raudha akangoja huku amejiuma mdomo.

Asubuhi moja Hafidha alimgeukia Domitila. "Bibi, mama mkubwa Mwanne, kabla hajaletwa kukaa humu, alipokuwa msichana, aliitwa nani?"

Domitila alimziba mdomo kwa kiganja. "Si chini ya paa hili," alinong'ona.

Wakatoka wote watatu mpaka kwenye mikorosho nyuma ya nyumba. Majani makavu yalilia chini ya miguu yao. Domitila alisimama mbali kabisa na ua, akajipiga ishara ya msalaba, maana alibatizwa misheni tangu utotoni.

"Aliitwa Zaituni," alisema. "Alikuwa mcheshi, anacheka hata msibani, mpaka anapigwa na mama yake. Alipokalia kile kiti, akaacha kucheka. Akawa anakohoa kama yule aliyemtangulia. Mapafu yake yalikuwa mazima, lakini alikohoa."

Alipomaliza kusema, kwenye kijumba ambamo hawakumwacha mtu, mlango ulifunguka. Waliisikia bawaba ikilia, polepole, kama mtu anachungulia nje kumtafuta aliyemwita.

Raudha alimshika mama yake mkono. Hakuna aliyekwenda kutazama.

"Na aliyemtangulia yeye?" Hafidha aliuliza.

"Asumini. Aliyekuwepo kabla ya Asumini simjui, nilikuwa sijazaliwa. Lakini kuna watu kijijini Likunja waliotokana naye."

"Kwa nini hukuniambia siku ile dukani?"

Domitila alitazama chini. "Kama si wewe, ingekuwa mtoto huyu. Nikaona heri wewe."

Pwiyamwene haombi ruhusa ya kutoka, hutoka. Hafidha alisema anakwenda kutembelea wafiwa, akachukua gari na Raudha mpaka Ruangwa, na kutoka huko wakaenda Likunja. Wakamkuta ajuza mmoja amelala kwenye kitanda cha kamba barazani, macho yamefunikwa na ukungu. Hafidha akamweleza kilichomleta.

"Bibi yetu aliitwa Somoe," ajuza alisema. "Walipomchukua, baba yangu alikuwa bado ananyonya. Baba alipokua akaenda Mtua kumsalimia. Bibi akampa kuku na kumuuliza ametoka kwa nani. Baba alirudi na yule kuku njia nzima, hakumchinja mpaka akafa mwenyewe." Akageuza uso ukutani. "Tulimpoteza yungali hai."

"Na wa kwanza kabisa?"

"Huyo hata Somoe hakumjua. Huyo ndiye Mwanne."

Kabla ya mvua za kwanza, pwiyamwene huwamwagia unga mizimu. Ukoo ulikusanyika alasiri chini ya mti wa msolo, mahali ambapo matambiko yote yalifanyikia. Mwene Harithi alikaa mbele, Mzee Hassani pembeni yake. Hafidha alipiga magoti na bakuli la unga wa mtama. Desturi ilikuwa kusema maneno machache tu, "Mwanne, pokea," huku unga ukimwagwa polepole mpaka usimame kama kichuguu kidogo.

Alichota ukufi wa kwanza.

"Zaituni, pokea," alisema.

Watu waliguna. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa khanga.

"Asumini, pokea. Somoe wa Likunja, pokea. Wajukuu zako wanakukumbuka."

"Pwiyamwene!" Mzee Hassani alipaza sauti. "Unauvunja ukoo!"

Mwene mwenyewe alikuwa ameanza kuinuka, mkono umenyooshwa kumpokonya bakuli. Hafidha hakumtazama. "Kaa, Mwene," alisema. "Nakataza."

Sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, ya Kiswahili cha sokoni Ruangwa, lakini ilikuwa na haki zote za kiti chake. Mwene akakaa. Hapakuwa na upepo. Hata hivyo matawi ya msolo yalishuka kidogo, kama yanavyoshuka ndege wengi wakitua pamoja, na ndege hawakuwepo.

"Na wewe wa kwanza," Hafidha aliendelea, "jina lako la kuzaliwa nimelitafuta nimelikosa. Pokea hivyo hivyo. Ninyi nyote ni mama zangu. Kiti nitakikalia na kazi yenu nitaifanya. Lakini mimi ni Hafidha, na humu ndani mwangu nakaa peke yangu."

Akamimina unga uliobaki, akaufunika kwa chungu. Raudha, aliyesimama nyuma ya akina mama, aliapa baadaye kwamba alisikia mwanamke akicheka karibu na sikio lake, kicheko cha msichana kinachozuiwa kwa kiganja.

Asubuhi walirudi kufunua. Kwa mila yao unga ukikutwa umeanguka, mizimu wamekataa. Ukikutwa umesimama, wamekubali. Mzee Hassani ndiye aliyeinua chungu, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa.

Unga ulikuwa umesimama. Lakini kila upande ulikuwa na alama za vidole, vyembamba vya wanawake, vya watu waliochota kidogo kidogo kama mtu anavyoonja. Na upande wa nyuma, ulioelekea msitu, palikuwa na kiganja kizima kilichodidimizwa mpaka ndani.

Wazee walibishana mpaka jua likawa kali. Wengine walisema ni panya. Domitila aliwasikiliza, akachoka.

"Wamekula," alisema. "Mnataka nini tena?"

Hivyo ndivyo Hafidha alivyobaki kuwa pwiyamwene kwa jina lake. Ilichukua muda watu kuuzoesha ulimi, na wapo wazee ambao hawakuuzoesha kabisa. Raudha alirudi shule. Bakary alimpigia simu mkewe siku moja, akamwita Hafidha, akasita katikati ya sentensi, akaanza kulia asijue kwa nini. Hafidha akawa anakaa wakati mwingine dukani Ruangwa, wakati mwingine mkekani Mtua, na wateja wake walioambiwa kwamba yule ni mtu mkubwa kwao walidhani ni utani.

Si yote yaliyorudi kichwani mwake. Siku aliyomzaa Raudha haikurudi. Aliitafuta, akakuta badala yake kuzaliwa kwa watoto wengine, kwenye vijumba vya nyasi, watoto ambao hakuwahi kuwazaa na ambao sura zao alizikumbuka moja moja. Hilo hakumwambia mwanawe.

Mvua zilipokuwa zimekolea, Mwene Harithi alimwita barazani. Walikuwa wao wawili, na Domitila aliyekuwa anaandaa chakula. Mwene alikaa akitazama maji yakichuruzika kutoka kwenye bati.

"Mwanangu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu akalie kile kiti. "Wale uliwatafutia majina yao. Na mimi? Harithi ni jina la kiti. Kabla yake niliitwa nani?"

Toka utoto wake Hafidha alikuwa amemjua kama Mjomba Harithi tu. Akajaribu kumsikia mama yake akimwita kaka yake, akasikia mvua.

Domitila aliweka bakuli chini.

"Sadiki," alisema. "Uliitwa Sadiki. Ulikuwa unanichumia mabungo kule ng'ambo ya mto. Ulisema utamwomba padri ruhusa ya kunioa, na asipotoa tutatoroka. Wiki ile ile wakaja kukuchukua."

Mwene alimgeukia. Hafidha aliona midomo yake ikilijaribu jina lile, mara moja, mara mbili, kama mtu anavyojaribu ufunguo kwenye kufuli. Domitila alisimama mikono ikiwa imeshikana mbele yake, kizee wa miaka mingi, akingoja.

"Alikuwa kijana mwema?" mwene aliuliza.

"Mwema sana."

Alitikisa kichwa taratibu, kwa adabu, kama tunavyofanya tukisimuliwa msiba wa watu tusiowajua.

"Pole sana, Domitila," alisema.

"Nimeshapoa, Mwene," Domitila alijibu.